Mirungi na Khofu ya Hadhara

Kijana wa kumi, au labda wa ishirini, maana nimekwisha kuacha kuhesabu, alinijia juzi, zikiwa zimebaki siku tatu asimame kutoa shukrani kwa niaba ya ukoo katika arusi ya dada yake, akaniuliza kwa sauti ya chini swali lile lile wanaloniuliza wenziwe wote: "Daktari, nile mirungi kiasi gani ili nipate ulimi?"

Sisemi juu ya haya, ambayo ni pambo la mtu. Nasema juu ya khofu ya hadhara, maradhi ambayo mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani uliyatambua tangu mwaka 1980, nayo humfanya mtu mzima, mwenye akili timamu, azunguke njia asipite mbele ya baraza la majirani. Aogopani? Aogopa aonekane mikono ikimtetemeka, moyo ukimdunda, kinywa kikimkauka. Basi mirungi ile, iliyofungwa katika majani ya mgomba na kukimbizwa kutoka Meru hadi Mombasa kwa kuwa nguvu yake haikai siku nyingi, ina kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini, ambayo shughuli yake ni kuupeleka moyo mbio na kukikausha kinywa. Yaani mgonjwa ainunua kwa fedha zake ile ile adha aikimbiayo!

"Lakini barazani nikila nazungumza hadi alfajiri." Naam, pamoja na masahibu, nao wamekula, hiyo si hadhara. Na hata mambo yakienda salama, sifa hupewa mirungi, si yeye, hata mara ya pili akiikosa hathubutu kuinuka. Na kesho yake, usingizi umemruka, huzuni imemkalia. La kuniudhi zaidi ni kwamba washauri wa jambo hili aghalabu ni wajomba zao.

Nilimwambia aache kushika maikrofoni kwa mikono miwili ili kuficha kutetemeka, kwani ajifichaye hujitazama nafsi yake asiwatazame watu. Ashukuru kwanza mbele ya mama yake, kesho mbele ya majirani watano. Tiba ya mazungumzo yenye mazoezi ya namna hii, kwa miezi kadhaa, ndiyo ya kutangulizwa. Khofu ikiwa imekwisha kumfungia mtu nyumbani, ziko dawa za kuandikiwa na daktari, kama sertralini, ambazo hukawia majuma kadhaa kufanya kazi. Na propranololi, itulizayo moyo kwa hotuba moja tu, mwenye pumu asiiguse.