Je, Wajua? Komeo la Oveni Haligomi Bure

Je, wajua kwamba mlango wa oveni uliokataa kufunguka mara nyingi haujakwama? Umeagizwa usifunguke. Aliyeagiza ni bodi ya umeme iliyo nyuma ya vitufe, na bodi ikipewa taarifa ya uongo, komeo litautii uongo huo hata ukiuvuta mpini kutwa nzima. Nimeona mipini iliyong'oka na vioo vilivyopasuka kwa sababu mwenye nyumba alishika bisibisi kabla ya kujiuliza ni nani aliyeliambia komeo lifunge. Huwa inaniuma, maana kilichoharibika mwanzoni kilikuwa kidude kidogo tu.

Si kila oveni ina komeo hili. Liko kwenye zile zinazojisafisha zenyewe kwa moto, ambazo kampuni ya General Electric ya Marekani iliziingiza sokoni mwaka 1963 kutokana na kazi ya mhandisi wake Bohdan Hurko. Badala ya mtu kusugua mafuta yaliyoganda, oveni inayachoma mpaka yawe jivu. Keki huiva kwenye nyuzi 180 hivi. Oveni ikijisafisha hupanda hadi karibu nyuzi 480 na hukaa kwenye joto kali namna hiyo kwa saa 2 hadi 4. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Zinki iliyopakwa kwenye mabati ya paa lako nayo huyeyuka ikifika 420. Kumbe ndani ya kisanduku kile cha jikoni kuna joto ambalo hata bati la paa lisingelistahimili bila kuvuliwa koti lake.

Mlango ukifunguliwa wakati huo, moshi wa mafuta uliokuwa umekosa hewa hukutana na oksijeni na kuwaka ghafla usoni mwa aliyeufungua. Ndiyo maana komeo hushikilia mpaka joto lishuke, kwa oveni nyingi hadi chini ya nyuzi 300 hivi.

Je, wajua kwamba jokofu limewekewa sheria iliyo kinyume kabisa? Zamani majokofu yalikuwa na makomeo ya chuma yanayojifunga kwa nje. Watoto walikuwa wakijificha ndani ya yale yaliyotupwa, wanafungiwa humo na kufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 Marekani ikapitisha sheria kwamba mlango wa jokofu la nyumbani lazima ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, na watengenezaji wakapewa hadi mwaka 1958 kutekeleza. Ule ukanda wa sumaku unaoushika mlango wa jokofu lako leo ulienea kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye oveni, maana utamu uko ndani ya komeo lenyewe. Kuna mota ndogo iendayo polepole sana. Mota huzungusha kisahani kisicho duara kamili, kisahani kinasukuma ufito, ufito unavuta ndoana inayoingia mlangoni. Nusu mzunguko hufunga, nusu iliyobaki hufungua, na katika oveni nyingi mota haijui kurudi nyuma, inazunguka upande uleule daima. Sasa bodi itajuaje ndoana imefika wapi? Haina macho. Inategemea swichi ndogo moja au mbili zinazobonyezwa na kisahani kinapopita: hii inasema "nimefunga", ile inasema "nimefungua". Swichi za aina hiyo, zinazotoa mlio wa "tiki" kwa kusogezwa chini ya milimita moja, zilibuniwa na mtu aitwaye McGall katika mji wa Freeport, jimbo la Illinois, mwaka 1932. Ziko hata ndani ya kipanya cha kompyuta. Ule mlio unaousikia chini ya kidole chako ndio huohuo.

Kwa hiyo fundi mwenye subira huanza na sikio. Ukisikia mota inavuma lakini hakuna kinachosogea, ama gia yake imekatika meno, ama ufito umebanwa na mafuta yaliyokauka au mlango uliolegea kwenye bawaba hata ndoana ikakosa tundu lake. Usiposikia chochote, umeme haufiki kwenye mota au waya zake za ndani zimeungua. Na ukisikia mota inazunguka, inatulia, inazunguka tena, kisha kioo cha saa kinaonyesha herufi F na tarakimu, mshuku swichi: ndoana imefika, ila hakuna aliyeiambia bodi. Swichi hupimwa kwa mita ya umeme, ikiwa imechomolewa kwenye waya zake. Ukibonyeza kitufe chake, mita lazima ibadilike, kutoka kutopitisha kabisa hadi karibu ohm sifuri, au kinyume chake. Isipobadilika, imekufa.

Je, wajua kwamba keki iliyotoka bila rangi inaweza kukueleza kwa nini mlango haufunguki? Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Joto la oveni husomwa na kihisi chembamba kama penseli kilichochomoza ukutani kwa ndani. Ndani yake kuna platini, na umeme hupita humo kwa shida zaidi kadiri joto linavyopanda. Oveni ikiwa baridi, kihisi cha aina iliyoenea hupima karibu ohm 1,090. Kwenye nyuzi 300 hupima karibu 2,120. Sasa chukua kiungio cha waya kilichoingia kutu kikaongeza ohm 100 zake mwenyewe. Bodi itasoma joto lililozidi la kweli kwa nyuzi 26 hivi, itapunguza moto mapema, na keki itatoka imepauka huku mpishi akiulaumu unga. Kutu ikizidi na kuongeza ohm 1,100, oveni iliyolala baridi usiku kucha itaonekana kwa bodi kama tanuri, na komeo halitaachia ng'o. Hapo unaweza kubadilisha mota tatu na usipate kitu. Muulize mpishi kwanza vitumbua na keki vimekuwaje wiki zilizopita.

Umeme ukikatika katikati ya usafishaji, mlango hubaki umefungwa, kwa kuwa mota haina nguvu ya kuirudisha ndoana. Subiri umeme urudi na oveni ipoe. Ikikataa bado, zima kwenye swichi kuu ya jiko kwa dakika chache, kisha washa. Nyingine hukubali ukianzisha usafishaji upya na kuufuta baada ya dakika moja au mbili, kwa sababu mota hulazimika kumaliza mzunguko wake. Angalia pia alama ya kufuli kwenye kioo cha saa: huenda mtoto alikandamiza kitufe kinachofunga vitufe vingine, na kukishikilia kwa sekunde kadhaa kunamaliza kesi. Yote yakishindikana, kata umeme kabisa, hakikisha oveni imepoa, ndipo ufungue bamba la nyuma au la juu na kukizungusha kisahani kwa mkono. Ndoana itatoka yenyewe. Jiko likiwa na mpira wa gesi, usilivute mbele kabla ya kufunga gesi.

Je, wajua kwamba ndege wa kufugwa hawapaswi kuwa karibu na jikoni oveni inapojisafisha? Mipako isiyogandisha chakula, ile ya kwenye vikaango, huanza kutoa mvuke wa sumu ikipashwa joto kupita kiasi, na kasuku hufa kwa kiasi ambacho binadamu asingekihisi, kwa sababu mapafu yao hunyonya hewa kwa ufanisi mkubwa mno. Toa kila chombo ndani ya oveni. Toa na vyuma vya kupangia trei, isipokuwa kijitabu cha oveni kimeruhusu vibaki: hupoteza mng'ao na kuanza kukwaruza vikivutwa.

La mwisho linawahusu wanaorudi nyumbani kutoka Marekani na kontena la vyombo. Jiko la umeme la kule hupokea volti 240 kupitia nyaya mbili zenye umeme, na kati ya waya mmoja na niutro hupata volti 120 za taa na vitu vidogo. Mota ya komeo mara nyingi ni ya 120 hizo. Huku kwetu kati ya waya wenye umeme na niutro kuna volti 230, hivyo jiko likiungwa bila transfoma, mota itapewa karibu mara mbili ya haki yake na kuungua. Hata transfoma ikiwepo, umeme wa kule hupiga mara 60 kwa sekunde na wa huku mara 50, na mota nyingi za namna hii hufuata mapigo hayo. Mzunguko wa sekunde 10 utachukua 12, na bodi inayohesabu muda inaweza kuchoka kusubiri na kutoa ile herufi F wakati hakuna kilichovunjika. Kabla ya kuunga waya, fungua bamba la nyuma usome kibandiko kilicho juu ya mota: volti zimeandikwa hapo, na mapigo yake pia.