Nani Alipewa Fidia?

Kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, kuna jumba kubwa la mawe liitwalo Harewood. Lilianza kujengwa mwaka 1759, likamalizika mwaka 1771. Ni makao ya ukoo wa Lascelles. Fedha za kulijenga zilitoka wapi? Zilitoka katika sukari. Lakini Yorkshire ni nchi ya baridi, na miwa haioti huko.

Miwa ililimwa Barbados, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi, ng'ambo ya Atlantiki. Wakati huo kilikuwa koloni la Waingereza. Henry Lascelles alikwenda huko akiwa kijana, na mwaka 1715 akawa mkuu wa ushuru wa forodha. Alifanya biashara ya sukari. Alishiriki pia katika biashara ya watu walionunuliwa Afrika Magharibi. Tena aliwakopesha fedha wenye mashamba, na mikopo hiyo iliutajirisha sana ukoo wake. Mkopaji aliweka rehani shamba pamoja na watumwa wake. Akishindwa kulipa, vyote vilichukuliwa. Mtumwa alibadilishiwa bwana kwa deni asilolijua. Henry alikufa mwaka 1753, na mwanawe Edwin ndiye aliyejenga jumba.

Kazi yenyewe ilikuwa mateso. Muwa ukishakatwa haungoji. Maji yake huchacha upesi. Kwa hiyo wakati wa mavuno watumwa walikamua na kuchemsha usiku na mchana. Aliyetia miwa kinuni akisinzia, vidole vyake vilinaswa. Shoka liliwekwa karibu ili kuukata mkono kabla mwili mzima haujavutwa. Wengi walikufa mapema, na mabwana wakanunua wengine.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi. Serikali ikatoa fidia ya pauni milioni 20. Je, walilipwa watumwa? La! Walilipwa mabwana, ati kwa kuwa wamepoteza mali yao. Kabaila wa Harewood wa siku hizo alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277 waliokuwa Barbados na Jamaika. Ni kama pauni 20 kwa kila mtu. Watu wenyewe hawakupewa hata senti moja. Tena walilazimishwa kuwafanyia kazi mabwana wale wale, sehemu kubwa ya wiki bila mshahara, hadi mwaka 1838.

Sehemu kubwa ya fidia hiyo serikali iliikopa. Deni lake lilimalizika kulipwa mwaka 2015, kwa kodi za wananchi. Miongoni mwa waliotoa kodi hiyo walikuwamo watu wa Karibi waliohamia Uingereza, ambao mababu zao walikuwa watumwa.

Ukoo wa Lascelles uliuza shamba lake la mwisho huko Barbados mwaka 1975. Jumba la Harewood lipo mpaka leo, na wageni hulipa kiingilio ili kulitazama.