Mwandishi Huja Rafuni Akiwa Msomaji

Kwa mahali panapojulikana zaidi kwa chisense, wale dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani asubuhi, mwambao wa Ziwa Mweru umeandikwa sana. Tippu Tip alisimulia kwa Kiswahili vita vyake na Nsama wa Itawa, kati ya Mweru na Tanganyika, vya mwaka 1867. Novemba mwaka huohuo David Livingstone aliufikia ukingo wa ziwa. Mmisionari Dan Crawford, aliyeishi Luanza upande wa Kongo, alitoa Thinking Black mwaka 1912. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, akishirikiana na padri Edouard Labrecque, aliacha historia ya Walunda wa Luapula kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, iliyochapishwa 1951. Ian Cunnison akaandika juu ya watu wa Luapula mwaka 1959. Na mwaka 2006 David Gordon akatoa Nachituti's Gift, kitabu cha wavuvi, wachuuzi na ule ugomvi usiokwisha wa nani mwenye ziwa.

Vitabu hivyo utavikuta Lusaka, London na kwenye vyuo vya Marekani kabla hujavikuta Kafutuma, pale wilayani Nchelenge, upande wa Zambia, ambako mitumbwi hutia nanga. Duka la vitabu lenye rafu za riwaya si jambo la kutarajia huko, na nauli ya kwenda kulitafuta mjini inatosha kununua mafuta ya injini ya mtumbwi. Simu, hata hivyo, zipo. Na ndani ya simu kuna aina moja ya jamii ambayo waandishi wetu wa Kiswahili wameichelewa: wale watu wanaoorodhesha vitabu vyao mtandaoni, kimoja baada ya kingine, kama wakutubi wasiolipwa.

LibraryThing ilianzishwa na Tim Spalding mwezi Agosti 2005 huko Portland, jimbo la Maine, Marekani. Wazo lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa. Unaandika vitabu vilivyo nyumbani kwako, mtambo unachota taarifa zake kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani na maktaba nyingine, kisha unaonyeshwa ni nani mwingine duniani ana vitabu hivyohivyo. Goodreads, ya Otis Chandler na Elizabeth Khuri, ikafuata Januari 2007 na kukua haraka hadi Amazon ikainunua mwaka 2013. StoryGraph ya Nadia Odunayo, msanidi programu wa Uingereza, ikaja baadaye, ikawapokea wengi waliokuwa wamechoka kuiona Amazon kila wanapogeuka. Kote huko kazi ni ileile: nilichosoma, ninachosoma, ninachotaka kusoma, na maoni yangu juu yake.

Kinachonivutia mimi ni jinsi mwandishi anavyoingia humo. LibraryThing tangu miaka yake ya mwanzo ilimpa mwandishi alama ya kumtambulisha kwa sharti ambalo sijaliona popote kwingine katika biashara ya vitabu: na yeye aorodheshe maktaba yake ya nyumbani. Haji na meza ya kuuzia. Anakuja na rafu, na msomaji anaipekua apendavyo, anagundua kwamba mtunzi wa riwaya za mapenzi ana vitabu vitatu vya ufugaji wa nyuki, anamwuliza kwa nini. Mazungumzo yanaanzia kwenye nyuki na yanaweza kuishia kwenye riwaya. Goodreads nayo humruhusu mwandishi aumiliki ukurasa wake, ajibu maswali ya wasomaji na aonyeshe anachokisoma wiki hii. Waandishi wengi huufungua ukurasa huo siku kitabu kinapotoka, wakabandika jalada na bei, wasirudi tena. Wasomaji huwatambua mara moja.

Mtanzania aliyeutumia uwanja huu kuliko wengi ni Enock Maregesi. Riwaya yake Kolonia Santita, ya kijasusi, inayofuatilia magenge ya dawa za kulevya hadi Mexico, ilitoka kwa njia ambayo mwandishi mwenyewe hugharimia uchapaji, kupitia kampuni ya AuthorHouse. Mwaka 2015 ikawa miongoni mwa vitabu vilivyoshinda katika awamu ya kwanza ya Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, pamoja na kazi za Anna Samwel Manyanza, Mohammed Ghassani na Christopher Bundala Budebah. Lakini mtu ambaye hajawahi kuisikia tuzo hiyo huenda ameshakutana na Maregesi Goodreads, kwa sababu humo kuna mamia ya nukuu zake za Kiswahili. Mtu wa Manila au Manchester anatafuta maneno kuhusu msamaha au umaskini, na katikati ya Kiingereza anagongana na aya ya Kiswahili iliyotiwa jina la mwandishi na la kitabu.

Wapo watakaosema nukuu si riwaya. Mimi pia, kwa hulka yangu, nampenda zaidi mwandishi anayejibu swali moja la msomaji kwa kirefu. Hata hivyo siwezi kupuuza alichokifanya Maregesi: alikuta ukumbi ambamo Kiswahili hakikuwa na kiti, akaketi bila kungoja kualikwa.

Waandishi wenzake wengi wamechagua njia nyingine, na wana sababu. Hadithi za Kiswahili leo zinaishi kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, sehemu ya kwanza bure, sehemu ya pili bure, na mapenzi yanapofika pabaya unaambiwa utume pesa kwa simu ndipo uendelee. Njia hiyo inamlipa mwandishi papo hapo na msomaji anaongea naye usiku uleule. Hasara yake huonekana baadaye. Kundi linavunjika, simu inaibwa, na riwaya iliyosomwa na watu elfu haina tarehe wala jalada, haina mahali ambapo mtafiti au msomaji wa miaka ishirini ijayo ataikuta. Orodha ya vitabu haina joto la WhatsApp, lakini inatunza.

Shida ni kwamba orodha haijijazi yenyewe. Tuseme mwalimu wa Kafutuma ana nakala ya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, ile yenye Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley upande wa pili, chapa ya 1966. Anafungua programu na kuielekeza kamera nyuma ya jalada, mahali ambapo vitabu vya siku hizi vina mistari myeusi. Hakuna kitu. Namba za ISBN zilikuwa hazijaanza kutumika wakati huo. Kwa hiyo anaandika kwa mkono, na hapo ndipo utamu ulipo.

Jina la mwandishi: aandike Tippu Tip, au Hamed bin Muhammed, au Tippoo Tib kama Wazungu wa zamani walivyozoea? Kila tahajia inamzaa mwandishi mpya ndani ya mtambo, na mzee aliyekufa Zanzibar mwaka 1905 anajikuta ni watu watatu, kila mmoja na wasomaji wake wachache. LibraryThing huwaachia wanachama wenyewe kazi ya kuyaunganisha majina, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa bidii ya ajabu, bila ujira, saa za usiku. Whiteley naye lazima awekwe kwenye kisanduku cha mfasiri, la sivyo atageuka kuwa mtunzi. Mwaka: 1966 ni wa nakala iliyo mkononi, andiko lenyewe lilianza kuchapwa Ujerumani na Heinrich Brode mwaka 1902, na hilo lina kisanduku chake. Lugha: Kiswahili. Akimaliza, amefanya jambo ambalo wachapishaji wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hawalifanyi kwa vitabu vyao vipya.

Kosa la kisanduku linaweza kumnyang'anya mtu kitabu chake. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya Elisabethville kama walivyoiona waliokuwa watumishi wa nyumba za Wabelgiji. Elisabethville ndiyo Lubumbashi ya leo, mji ambao samaki wa Mweru wamekuwa wakiulisha tangu enzi za migodi ya Wabelgiji. Andiko hilo likawafikia wasomi mwaka 1990 katika kitabu cha Johannes Fabian, aliyekihariri na kukitafsiri pamoja na Kalundi Mango. Fabian alilitaja jina la Yav hadi kwenye kichwa cha kitabu. Mtambo, hata hivyo, humchukua yule ambaye maktaba imemtanguliza, na mara nyingi anayetangulizwa ni mhariri. Mtu wa kulirekebisha jambo hilo ni msomaji wa Kiswahili hichohicho. Nchelenge inao: makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa wakimbizi wa Kongo, yana watu waliovuka na Kiswahili chao kutoka Katanga.

Wanachama wa LibraryThing wana mchezo mwingine ninaouonea wivu. Huorodhesha maktaba za marehemu. Walianza na Thomas Jefferson, wakaendelea na wengine, ili aliye hai aweze kuilinganisha rafu yake na ya rais aliyezikwa mwaka 1826. Sijui ni nani atakayetangulia kutufanyia hivyo kwa Shaaban Robert, au kwa Mwalimu Nyerere ambaye, huku akiongoza nchi, alipata wasaa wa kumtafsiri Shakespeare mara mbili.

Sasa tuseme na ubaya wake, maana upo. Mwaka 2014 mwandishi wa Marekani Kathleen Hale aliandika katika gazeti la The Guardian jinsi alivyomtafuta msomaji aliyemponda Goodreads hadi akafika mlangoni kwake. Juni 2023 Elizabeth Gilbert alisitisha riwaya iliyokuwa haijatoka, kwa kuwa ilihusu Siberia wakati wa vita vya Ukraine na watu walikuwa wameimiminia nyota moja moja bila kusoma ukurasa. Desemba mwaka huohuo mwandishi chipukizi, Cait Corrain, alikiri kufungua akaunti bandia za kuwashusha wenzake, akapoteza mkataba wa kitabu chake cha kwanza.

Kwa vitabu vyetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa hesabu tu. Kitabu chenye maoni elfu hamsini hakitikiswi na mtu mwenye kinyongo. Riwaya ya Kiswahili yenye maoni manne inaangushwa na mmoja, na inapandishwa vilevile na shemeji watatu wa mwandishi wakitoa nyota tano kabla kitabu hakijakauka wino. Msomaji makini huwaona mashemeji kutoka mbali: maoni yao ni mstari mmoja, na hawana kitabu kingine chochote kwenye orodha. Ushauri wa waliokaa huko muda mrefu ni kwamba mwandishi asijibu maoni mabaya kamwe, na mimi naukubali nusu. Tusi, aliache. Lakini msomaji akisema sura ya saba ina kosa la jiografia, na kweli lipo, sioni aibu gani iko katika kusema ahsante.

Kwa mtu wa Kafutuma kuna vikwazo vya kawaida ambavyo havihitaji hotuba. Bando ni ghali, picha za majalada zinalikula, na mwaka 2024 ukame ulipolipunguza maji Ziwa Kariba, umeme wa Zambia ulikuwa wa mgawo wa saa chache. Muda, angalau, kuna majira unapatikana. Kuanzia Desemba hadi mwishoni mwa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane.

Na msomaji wa hapo ana kitu ambacho shabiki wa Chicago hana: vitabu vya Mweru vinamhusu yeye, babu yake na bandari yake. Kisa cha Nachituti, ambacho Gordon amekipa nafasi ya jina la kitabu, husimuliwa hivi: kaka yake, Nkuba, chifu wa Washila, alimuua mwana wa Nachituti, naye Nachituti akamwita Kazembe amlipizie, kisha akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Mlunda anapoisimulia hadithi hiyo, anathibitisha haki. Mshila anapoisimulia, pengine anauliza dada alipata wapi mamlaka ya kugawa maji ya kaka yake. Hayo yote ni maoni ya kitabu, na yanatosha kabisa kwenye kile kisanduku kilicho chini ya nyota, kwa Kibemba au kwa Kiswahili. Gordon amefundisha Bowdoin College, katika jimbo lilelile la Maine ilikoanzia LibraryThing. Ningetamani kuona anamjibu nini mjukuu wa Nkuba aliyempa nyota tatu.