Anayeonja Kwanza: Mpishi wa Mtemi na Jiko la Katavi

Katika vijiji vya mkoa wa Katavi vinavyoshika mila, mwenyeji hamkabidhi mgeni kata ya pombe kabla hajainywa mwenyewe. Huchota mtungini, hupiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo humpa. Mtu aliyetoka mbali huweza kuona ni utovu wa adabu, mwenye nyumba kujitanguliza namna ile. Kumbe adabu yenyewe ndiyo hiyo. Mwenyeji amesema bila kutamka kwamba kilichomo hakina sumu, na kama kinayo, ametangulia yeye. Mama muuza pombe naye humfanyia hivyo mteja wake, iwe ni wanzuki ya asali, komoni ya mahindi au kimpumu ya ulezi. Asipoonja, mteja huweza kuirudisha kata na hakuna atakayemshangaa.

Tumezoea kuiona desturi hii vilabuni, lakini uzito wake huonekana vizuri zaidi ukiifuata hadi ikulu. Kabla ya serikali kufuta utawala wa machifu mwaka 1963, nchi hii ya misitu ya miombo ilikuwa na watawala wake wa jadi, wakiwamo watemi wa Wakonongo upande wa Inyonga na machifu wa Wapimbwe katika bonde la Rukwa. Kwa Wanyamwezi na ndugu zao Wakonongo, afya ya mtemi ilikuwa afya ya nchi. Akiugua, watu walihofu mvua ingekatika na mazao yangedumaa. Aliposimikwa mtemi mpya, katika himaya nyingi za Unyamwezi mioto ya zamani ilizimwa majumbani na watu wakachukua moto mpya kutoka ikulu, hata kila chungu kikachemka kwa moto wa mtawala.

Sasa mfikirie mtu aliyepika pale moto ulipotokea. Wana wa mtemi, wapwa zake, wake zake na wazee wa baraza, kila mmoja alikuwa na mtu aliyetamani kumwona juu ya kigoda. Njia fupi kuliko zote ya kufika huko ilipita jikoni. Aliyeshika mwiko wa ikulu alipaswa kuwa na mkono mzuri wa kupika, lakini zaidi ya hapo alipaswa kuwa mtu asiyenunulika, na kila mwenye njama alimjua hivyo na alimwinda.

Wapishi wa huku wanaijua sumu kwa undani, kwa sababu chakula chao chenyewe huanza nayo. Mihogo michungu hupendwa na wakulima wa pembezoni mwa misitu kwa kuwa wanyama waharibifu huiogopa, na kinachowafukuza wanyama hao ndicho kinachoweza kumwua mtoto. Lazima imenywe, ilowekwe majini siku kadhaa mpaka ilainike na kutoa harufu yake, ianikwe juani ikauke kabisa, ndipo itwangwe. Mwaka wa njaa watu hukatisha siku za kuloweka, na hapo ndipo madhara huingia: kizunguzungu, kutapika, na kwa wengine kupooza miguu moja kwa moja. Uyoga nao ni elimu kubwa. Mvua za kwanza zikinyesha, misitu ya Mlele na Mpanda hujaa uyoga wa kila rangi, na wanawake huujaza kwenye ndoo na kuuza kandokando ya barabara. Baadhi unafanana na ule unaoua, na hakuna kitabu kinachopita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Kuna jicho, pua na vidole, na kutembea pamoja porini mwaka hadi mwaka. Ninaposikia mtu akisema kupika ni kazi isiyohitaji akili, huwa namkumbuka mwanamke huyu wa miombo ambaye kila masika hubeba uhai wa nyumba nzima kwenye ndoo moja.

Fitina za jikoni hazikuisha na watemi. Ukitaka kuziona leo, nenda kwenye miji yenye mitala. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wengi wamehamia na ng'ombe wao katika bonde la Rukwa na kaskazini ya mkoa, wakaja na mpangilio wao wa nyumba. Kila mke ana nyumba yake, shamba lake, ghala lake na mafiga yake. Jioni kila jiko hupeleka chakula kwa wanaume waliokaa shikome, mahali pao pa kuota moto. Ugali wa nyumba hii umekaa kando ya ugali wa nyumba ile. Huku kuna mlenda, huku maziwa ya mgando, huku michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na karanga. Wanaume hula wote pamoja, lakini wanawake hutazama vyombo vinaporudi. Chungu kilichofutwa hadi chini ni sifa. Kilichorudi nusu ni habari, na itazungumzwa kisimani kesho yake. Humo ndimo huzaliwa maneno kwamba fulani ametia limbwata, kwamba mke mdogo hapiki kwa mikono mitupu.

Maneno hayo huweza kuwa na mwisho mbaya sana. Usukumani na katika mikoa ya magharibi, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na moja ya ishara walizoshikiwa ni macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni za kuwapikia wengine miaka hamsini. Katika yote ninayoyajua kuhusu jiko la kwetu, hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Desturi ya kuonja kwanza ilimpa mpishi njia ya kujitetea mbele ya watu. Mwanamke aliyetuhumiwa usiku, kwa mnong'ono, hakupewa hata kata ya kuonja.

Majirani zetu wa kaskazini walilipa jiko la mfalme vyeo vinavyojulikana hadi leo. Katika kasri la Kabaka wa Buganda, Kawuta alikuwa msimamizi wa jiko na Seruti msimamizi wa pombe, na wote wawili walihesabiwa miongoni mwa wakubwa wa nchi. Kabaka alikula peke yake, bila kutazamwa. Kwa Omukama wa Bunyoro mambo yalikuwa makali zaidi. Mmisionari John Roscoe, aliyeandika juu ya mila za huko mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza kwamba mpishi alimlisha mfalme vipande vya nyama kwa uma, na uma ukigusa meno ya mfalme, mpishi aliuawa.

Hata huko Korea, chakula cha mfalme kilionjwa kwanza na mwanamke wa kasri mwenye cheo maalumu cha kuonja, na vijiko vya fedha vilitumika kwa kuwa viliaminika kubadilika rangi vikigusa sumu. Wapenzi wa tamthilia za Kikorea wanamjua Jang-geum, binti mpishi aliyeandamwa na wapinzani wake ndani ya jiko la kifalme, katika tamthilia ya Dae Jang Geum yenye sehemu 54 iliyoonyeshwa na kituo cha MBC mwaka 2003 hadi 2004. Jang-geum aliishi kweli. Kumbukumbu za kasri za enzi ya Mfalme Jungjong, aliyetawala kuanzia 1506 hadi 1544, zinamtaja kama tabibu wa kike aliyeaminiwa na mfalme. Ni mistari michache tu, na sehemu kubwa ya habari za jikoni imetungwa na waandishi wa tamthilia. Lakini jina lilikuwapo, kwa sababu karani wa kasri aliona linastahili kuandikwa.

Katavi haikuwa na karani wa namna hiyo. Wasafiri wa Kizungu waliopita Ukonongo katika miaka ya 1870, akiwamo Stanley, walijali majina ya machifu na bei ya hongo waliyotozwa njiani. Waliokula chakula cha ikulu wametajwa, ila waliokipika hawakutajwa.

Mpanda ya leo imekusanya majiko mengi. Reli kutoka Kaliua ililetwa na madini ya risasi mwishoni mwa miaka ya 1940, wakimbizi wa Burundi wakafika Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970 na maharage yao ya mawese, na samaki aina ya migebuka hupanda kutoka Karema. Mama lishe wa karibu na stesheni anawapikia wote hao, watu asiowajua na wasiomjua. Hata hapo desturi haijafa. Mhudumu anayejua kazi huifungua soda au bia mezani, mbele ya macho ya mteja, na akiileta imefunguliwa tayari, mteja huirudisha. Wengi wanaofanya hivyo hawajui kwamba wanafuata adabu ya mtungi.

Binti aliyekuwa na miaka 15 akisaidia jikoni kwa mtemi wakati utawala huo unafutwa mwaka 1963, sasa amekaribia miaka 80 au ameipita. Hao wachache waliobaki wanajua nani alionja, nani aliruhusiwa kuingia jikoni, chakula kipi kilikuwa mwiko kwa mtawala na ugomvi gani ulifichwa. Kama una bibi wa namna hiyo Inyonga, Usevya au Karema, nenda ukakae naye likizo hii, uandike anayokwambia, na juu kabisa ya karatasi uandike jina lake.