Ndege Inalala Nairobi, Rubani wa Jilore Alale Wapi?

Mpwa wangu amemaliza masomo ya urubani. Leseni ya biashara anayo mkononi, na sasa ana barua mbili za kazi, zote za makampuni ya Nairobi. Dadangu, mamake, hilo halimuingii akilini. Si ndege zinatua Malindi kila siku? Kwani kijana hawezi kulala kwao Jilore, alfajiri akateremka kwa bodaboda kupitia Kakuyuni na Ganda, akarusha ndege yake, jioni akarudi kula kwa mamake?

Swali hili si la dadangu peke yake. Mimi nilisomea stashahada ya uchukuzi na nimefanya kazi ya mizigo viwanjani miaka kadhaa, kwa hivyo kila kijana wa huku anapopata kazi ya angani, wazee hunijia nalo. Naliandika jibu hapa ili nisilirudie barazani.

Kila rubani wa shirika ana kituo. Kituo ndipo zamu yake inapoanza na inapokwisha. Akilala mji mwingine kwa sababu ya kazi, kampuni humlipia hoteli na posho ya chakula. Akilala kituoni hapo ni kwake, na kodi ya nyumba ni juu yake. Jambo ambalo vijana hulipuuza ni hili: safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni haihesabiwi kuwa kazi. Saa za zamu huanza kuhesabiwa anaporipoti. Kama alitoka South C dakika ishirini zilizopita, au alikesha ndani ya basi kutoka Malindi, kwenye karatasi watu hao wawili wako sawa.

Sasa, kwa nini Malindi si kituo? Kwa sababu ndege hulala penye mafundi wake na vipuri vyake. Ile Dash 8 ya Jambojet yenye viti 78 hutoka Nairobi, ikashusha, ikapakia, ikaondoka, halafu ikatumwa mji mwingine siku hiyo hiyo. Kuilaza Malindi kungetaka mafundi wa zamu ya usiku na akiba ya vifaa, gharama ambayo abiria wa asubuhi moja hawawezi kuibeba. Wengine wataniambia tungoje njia ya ndege irefushwe. Iliyopo ina takriban kilomita 1.4, na mpango wa kuifikisha kilomita 2.5 umezungumzwa miaka nenda miaka rudi, habari ya fidia ya mashamba ikiwa haiishi. Mimi nauunga mkono. Lakini njia ndefu huleta ndege kubwa na wageni. Marubani wa ndege hizo watashusha watalii na kurudi zao. Kituo ni habari nyingine.

Marekani shirika moja huwa na vituo vingi, na rubani huomba anachokitaka, mwenye miaka mingi kazini akatangulizwa. Huku kwetu makampuni mengi yana kituo kimoja tu, kwa hivyo kuchagua kampuni ndiyo kuchagua kituo. Safarilink na wenzao wengi wa ndege ndogo wako Wilson. Jambojet wako Jomo Kenyatta. Precision Air wako Dar es Salaam, na hapo najua msomaji wa pwani moyo umemruka: bahari ipo, Kiswahili kipo, urojo uko ng'ambo tu Unguja. Ila Mkenya kule ni mgeni. Atahitaji kibali cha kazi, na leseni yake itambuliwe na mamlaka ya anga ya Tanzania.

Wapo wanaojaribu njia ya katikati: kazi Nairobi, nyumba pwani, na kila zamu wanapanda kwenda na kushuka kurudi. Mfanyakazi wa ndege hupata tiketi ya bei ya chini, lakini mara nyingi anakaa kiti kikibaki wazi. Desemba hakibaki. Idi na shule zikifungwa hakibaki. Hapo utafute basi la usiku kupitia Mombasa, au ufike Miritini upande treni, baada ya kuivuka foleni ya Mtwapa na ya Mombasa yenyewe. Na kuna siku za zamu ya kusubiri, ambapo rubani hana safari ila simu ikilia anatakiwa uwanjani kwa muda mfupi. Aliyeko Jilore, na masika Sabaki imefura, simu hiyo atajibu nini?

Ubaya wa njia hiyo tumeshaonyeshwa. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark kwenda Buffalo, Marekani, ilianguka juu ya nyumba. Wote 49 waliokuwemo walikufa, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani mwake. Ilikuwa Dash 8 ya aina ile ile tunayoiona Malindi. Kituo cha marubani wote wawili kilikuwa Newark, lakini nahodha alikuwa akiishi Florida, na msaidizi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Msaidizi alisafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo ili aifikie zamu. Nahodha alikuwa amelala kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi nahodha alivyolijibu onyo la ndege kupoteza nguvu ya kuelea. Kuhusu uchovu, walisema huenda uliwapunguzia wote wawili uwezo, ingawa hawakuweza kupima kwa kiasi gani. Mshahara mdogo wa msaidizi nao ulijadiliwa sana wakati wa uchunguzi. Baadaye Marekani ikaweka kanuni mpya: kuanzia 2014 rubani lazima apate mapumziko ya angalau saa 10 kabla ya zamu. Anayapumzikia wapi, hilo limebaki shingoni mwake.

Turudi kwenye barua mbili. Ya kwanza inaweza kumweka Jilore kweli. Ni ndege ndogo aina ya Caravan, kampuni ya Wilson inayobeba watu na mizigo ya mashirika ya misaada huko Juba na Somalia. Unafanya kazi wiki sita mfululizo, kisha wiki mbili ni zako, ukae utakapo. Safari ya kwenda kazini ni moja kwa wiki nane, hivyo rubani anaweza kujenga kwao na asiathirike. Dadangu aliposikia hivyo alitaka kijana asaini usiku ule ule. Nikamkumbusha Bardale: tarehe 4 Mei 2020, ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya matibabu ilidunguliwa huko Somalia, watu sita wakafa. Akanyamaza. Wako vijana wetu wanaofanya kazi hiyo na Mwenyezi Mungu awalinde, lakini mama aambiwe kitu kizima, si nusu.

Barua ya pili ni ya safari za kila siku kutoka Jomo Kenyatta. Kampuni itamlipia mafunzo ya ndege yao, naye atafungwa kwa mkataba wa miaka mitatu. Akitoka mapema, analipa. Hii akiichukua, ahamie Nairobi kikamilifu. South C ni mahali pa maana: Wilson iko karibu, Jomo Kenyatta inafikika alfajiri bila foleni, misikiti ipo na watu wa pwani wapo. Kodi yake haina huruma, na kijana ajue atapanga chumba kabla ya kufikiria gari.

Lipo jambo ambalo halikuandikwa kwenye barua yoyote. Posa imekwisha pelekwa, na mchumba ni muuguzi wa Kaunti ya Kilifi. Tangu ugatuzi uanze 2013, wauguzi wa hospitali za kaunti wameajiriwa na kaunti zao, na kuhamia Nairobi kunataka kaunti mbili zikubaliane, au aache kazi ya kudumu aanze upya. Wazee walikaa kikao cha saa mbili kuhusu kituo cha kijana, na binti hakuulizwa hata na mtu mmoja. Nilisema pale na nasema hapa: yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.

Maoni yangu ni barua ya pili, kwa masharti. Nilimwambia kijana aulize kwa maandishi: siku za mapumziko zinakuja nne kwa pamoja au moja moja? Zikija nne anafika Jilore, anaswali Ijumaa kwao, analala siku mbili tatu, na anarudi Nairobi usiku mmoja kabla ya zamu. Zikija moja moja, pwani aisahau. Pia aulize ni nani anayelipia gari la alfajiri, na kampuni ikimhamisha kituo, gharama za kuhama ni za nani.

Ameniambia, "Mjomba, nimetuma." Kuhusu gari la alfajiri wamejibu kwamba lipo. Kuhusu siku za mapumziko wamesema watazungumza akishasaini. Nimemwambia asisaini mpaka wajibu. Barua inaisha muda Ijumaa ijayo, na Jumapili anampeleka mchumba wake Nairobi wakaione South C kwa macho yao.