Porte-bagage mpya juu ya jeep: tupime kabla ya kupakia

Wamama wenzetu wa Simi-Simi, kikundi chenye jeep ya kuleta bidhaa kutoka upande wa Yangambi au Bafwasende hufika siku kikataka porte-bagage kubwa kuliko ile iliyotoka kiwandani. Ile ya kiwandani mara nyingi ni fito mbili tu juu ya paa. Hazishiki kikapu wala mkungu wa ndizi. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza nyingine ya chuma, pana, yenye kingo. Hamu hiyo tunaielewa. Lakini kabla ya kutoa pesa ya likelemba, tujue jambo moja: porte-bagage mpya inaongeza nafasi, haiongezi nguvu ya paa.

Hesabu ya kilo

Kitabu cha gari kinaonyesha paa linabeba kilo ngapi gari likitembea. Jeep nyingi za familia hazizidishi kilo 100, na nyingine ziko chini sana ya hapo. Na uzito wa porte-bagage yenyewe unahesabiwa humo.

Tuseme kitabu kimeandika kilo 80, na chuma cha fundi kina kilo 35. Zinabaki 45. Bidoni ya litre 20 ya mawese ina karibu kilo 19. Basi ni bidoni mbili, na hesabu imeisha. Gunia la mchele la kilo 50 halipandi kabisa. Porte-bagage ya aluminiamu ya kilo 20 ingeacha nafasi ya bidoni tatu. Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi si bei, ni uzito.

Siku ya kufunga

Fito za zamani zikitolewa, chini yake kuna matundu ya skrubu yaliyotengenezwa kiwandani. Porte-bagage mpya ikae kwenye matundu hayohayo. Fundi akitaka kutoboa paa upya, tumkatalie: maji ya mvua yataingia, kutu itafuata, na kwenye magari mengine mfuko wa hewa wa kulinda abiria umefichwa pembeni mwa paa. Kila skrubu iwe na mpira wake wa kuzuia maji.

Fito za zamani na skrubu zake tuziweke. Siku ya kuuza gari, mnunuzi ataziulizia.

Baada ya safari ya kwanza, skrubu zote zikazwe tena, maana barabara zetu za mashimo huzilegeza.

Njiani

Mzigo mzito juu huifanya jeep iyumbe kwenye kona na kwenye matope, na inaweza kupinduka. Kwenye mteremko wa kupanda kivuko, gari likiinama, mzigo wa juu unalivuta zaidi. Kwa hiyo mawese, mchele na makala vikae ndani, chini kabisa, vifungwe visirukie abiria. Juu tuweke vitu vyepesi: vikapu vitupu, magodoro, mafurushi ya sombe. Kamba za mpira hunyooka. Tutumie mikanda ya kukaza, na shofere aiangalie kila anaposimama.

Na mtu asikae juu ya mzigo, hata mtoto wa kusaidia kupakua, hata kama ni mwendo mfupi wa kufika sokoni.

Nani anasema "imetosha"?

Mara nyingi sisi wenye bidhaa tunamwachia shofere aamue, kisha tunamsihi aongeze gunia moja. Shofere anaona haya kuwakatalia wamama. Tumwondolee mzigo huo. Kila kikundi kichague mama mmoja wa mizani: apime kila furushi, aandike kilo kwenye daftari, na hesabu ya paa ikijaa aseme imetosha. Gunia lililobaki lingoje safari ya pili. Faida yake itachelewa siku chache, lakini mama aliyepanda gari hilo atafika kwa watoto wake.