Marekani: Vichekesho vya televisheni vinaishi New York, Wakongomani wengi wanaishi kwingine

Mtu anayeijua Marekani kupitia vichekesho vya televisheni peke yake anaweza kuamini kwamba nchi hiyo ya majimbo 50 ina miji mitatu tu: New York, Los Angeles na Chicago. "Seinfeld", "Friends" na "Tout le monde déteste Chris" ni New York. "Le Prince de Bel-Air" ni Los Angeles. "La Vie de famille", ile ya kijana Steve Urkel, ni Chicago.

Wakongomani waliopokelewa huko kama wakimbizi wanaijua Marekani nyingine. Katika mwaka wa bajeti wa 2016, nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya elfu 16 kutoka RDC, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote mwaka huo. Wengi walipelekwa mbali na miji hiyo mitatu: Texas, Kentucky, Ohio, Arizona, Iowa, Michigan. Familia ya Uvira au Bukavu yenye ndugu huko Louisville au Des Moines inasikia kwa simu habari za theluji, za kiwanda cha nyama, za barabara ndefu ambako bila gari mtu hafiki kazini. Hayo, televisheni iliyaonyesha kwa nadra. Kwa nini?

Mji ni jina, studio iko California

Sababu ya kwanza ni namna kazi yenyewe inavyofanyika. Mwaka wa 1951, Lucille Ball na mume wake Desi Arnaz, mwanamuziki mwenye asili ya Kuba, walianza "I Love Lucy". Wakati huo vipindi vingi vya televisheni vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Wao walitaka kubaki California. Basi walipiga filamu kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji, ndani ya studio ya Hollywood. Lakini hadithi yenyewe ilikuwa ya mume na mke wanaoishi New York.

Mtindo huo ulidumu. "Friends" ilitengenezwa miaka 10 huko Burbank, karibu na Los Angeles, ingawa nyumba na mkahawa wa marafiki hao sita viko New York. Baa ya "Cheers", iliyoonyeshwa tangu 1982 hadi 1993, iko Boston katika jimbo la Massachusetts, lakini ni sura ya nje tu iliyokuwa ya Boston. Wanywaji walikaa Hollywood. Ofisi ya "The Office" inasemwa kuwa Scranton, Pennsylvania, lakini kamera zilikuwa Los Angeles.

Kwa mtengenezaji, basi, kuchagua mji hakugharimu pesa nyingi. Picha ya barabara, bendera ya timu ya mpira ukutani na koti la baridi vinatosha. Hata hivyo wengi walirudi kwenye miji ileile. Waandishi wanaandika wanachokijua, na wengi wao wanaishi New York au Los Angeles. Tena, mji mkubwa unasaidia hadithi: vijana wasio na ndugu karibu wanageuka familia, na jirani anaingia bila kubisha hodi.

Wanaotaka mji mdogo mara nyingi wanaubuni. Pawnee ya "Parks and Recreation" haipo kwenye ramani ya Indiana, wala Lanford ya "Roseanne" haipo kwenye ramani ya Illinois. Katika mji wa kubuni, mwandishi anaweza kuchekesha kuhusu meya, shule na polisi, na hakuna mkaaji wa kweli wa kukasirika. "The Simpsons" wamekwenda mbali zaidi: tangu 1989 wanaishi Springfield, na jimbo lake limefanywa fumbo kwa makusudi.

1971, mwaka vijiji vilipofukuzwa

Vijiji havikukosekana tangu mwanzo. Katika miaka ya 1960, Wamarekani walipenda sana "The Andy Griffith Show", hadithi ya mkuu wa polisi katika mji mdogo wa Mayberry, North Carolina. Walitazama pia "The Beverly Hillbillies", kuhusu familia ya milimani iliyopata utajiri wa petroli ikahamia California, na "Green Acres", kuhusu watu wa New York waliokwenda kulima.

Mwaka wa 1971, chaneli ya CBS ilifuta karibu vipindi vyake vyote vya namna hiyo kwa pamoja. Watazamaji bado walikuwepo. Lakini makampuni yanayolipia matangazo yalitaka vijana wa mijini, yakiamini ndio wanaonunua zaidi. Mwaka huohuo "All in the Family" ilianza, ikiwa na baba mbishi wa Queens, New York. Kisha zikafuata hadithi za familia za Weusi: "Sanford and Son" huko Los Angeles, "Good Times" huko Chicago, "The Jeffersons" huko New York.

Miji ya katikati ya nchi ilipata nafasi kidogo. "The Mary Tyler Moore Show" ilianza 1970 ikimwonyesha mwanamke asiyeolewa akifanya kazi katika chumba cha habari huko Minneapolis, Minnesota. "Happy Days" ikaenda Milwaukee, Wisconsin. Ohio ilipata "WKRP in Cincinnati", kisha "Family Ties" huko Columbus.

Mji unaoonekana unapata faida

Kuonekana kwenye televisheni si heshima tu. Mount Airy, mji wa North Carolina alikozaliwa Andy Griffith, unapokea watalii wanaoitafuta Mayberry, ingawa kipindi kilipigwa California. Minneapolis ilisimamisha sanamu ya Mary Tyler Moore mwaka wa 2002, na Milwaukee ikaweka ya Fonzie wa "Happy Days" mwaka wa 2008. Huko Boston, baa iliyotoa sura ya nje ya "Cheers" ilichukua jina hilohilo.

Majimbo mengine yanafuata kazi yenyewe. Georgia inapunguzia kodi wanaokuja kupiga filamu. Tyler Perry alifungua studio kubwa Atlanta mwaka wa 2019, katika eneo lililokuwa kambi ya jeshi. Kipindi chake "House of Payne" kinasimulia Atlanta na kinatengenezwa Atlanta.

Wageni wanaingia katika hadithi

Katika miaka ya karibuni, ramani hiyo imeanza kubadilika. "Bob Hearts Abishola", iliyoonyeshwa na CBS tangu 2019 hadi 2024, ni hadithi ya muuguzi Mnigeria huko Detroit, Michigan, anayependwa na mwenye kiwanda cha soksi. Ndani yake kinasikika Kiyoruba. Mmoja wa walioiunda ni Gina Yashere, mchekeshaji Mwingereza ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. "United States of Al", ya 2021 na 2022, ilimleta Columbus mkalimani Mwafghani aliyesaidia jeshi la Marekani. Wengine waliilaumu kwa sababu mhusika mkuu alichezwa na mtu asiye Mwafghani.

"Reservation Dogs", iliyoanza 2021, ilipigwa filamu Oklahoma kwenyewe, na waandishi wake walikuwa watu wa makabila ya asili. Tofauti inaonekana: barabara, maduka na lugha ya vijana havikubuniwa kutoka mbali.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba jimbo halipati nafasi kwa sababu ya wingi wa wakaaji wake peke yake. Linahitaji mtu anayelijua, akae kwenye meza ya waandishi. Watoto wa Kikongomani waliokulia Kentucky, Iowa na Texas sasa wanamaliza shule huko, wakizungumza Kiingereza barabarani na Kiswahili nyumbani.

Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na wengi waliokuwa wakingoja safari walibaki kambini. Kwa wale wanaongoja, picha ya New York iliyotengenezwa Burbank ni rahisi kuipata. Habari ya kodi ya nyumba Louisville, au ya zamu ya usiku kiwandani, bado inapitia kwa simu ya ndugu.